Kisa cha 91: darasa lililojua kugawanya bila kujua pa kuishia

Kisa hiki kilitokea katika darasa la sita la shule moja ya msingi ya serikali, Tanzania Bara. Majina yamebadilishwa, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtoto, mwalimu au shule kimeondolewa. Nilikuwapo kama mwezeshaji wa Hisabati: nilikaa nyuma ya darasa, nikapitia madaftari, nikazungumza na mwalimu baada ya vipindi. Nakiandika kwa ajili ya walimu wa darasa la tano hadi la saba, na kwa mzazi anayekaa na mwanawe jioni wakihangaika na zoezi la namba tasa.

Mazingira

Darasa lilikuwa kubwa, watoto wanakaa watatu watatu kwenye dawati. Mwalimu wao alikuwa bado kijana, mwenye bidii, anayesahihisha madaftari yote na kuyarudisha kwa wakati. Mada ya vigawo na vigawe ilikuwa imeshafundishwa darasa la tano na ilikuwa inarudiwa kabla ya kuingia kwenye Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) na Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS).

Ukiuliza fasili, ulikuwa unajibiwa na darasa zima. Kigawo cha namba ni namba inayoigawanya bila baki. Kigawe cha namba ni zao la namba hiyo ikizidishwa kwa namba nzima. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Walizijua pia kanuni tatu za kugawanyika: namba shufwa hugawanyika kwa 2, namba ambayo jumla ya tarakimu zake ni kigawe cha 3 hugawanyika kwa 3, na inayoishia na 0 au 5 hugawanyika kwa 5. Hakuna kilichokuwa na kasoro hapo. Mwalimu aliamini mada imeeleweka, na mtu yeyote aliyesikiliza majibu yale angeamini hivyohivyo.

Jaribio lililoibua tatizo

Mwalimu alitoa jaribio fupi. Swali moja liliwataka waandike namba tasa zote zilizo kati ya 80 na 100. Jibu ni 83, 89 na 97. Sehemu kubwa ya darasa iliandika 83, 89, 91 na 97. Swali jingine lilihusu kurahisisha sehemu, na moja ya sehemu hizo ilikuwa 91/104. Wengi waliiacha kama ilivyo.

Mwalimu alishangaa zaidi alipofika kwenye daftari la Neema, mmoja wa wanafunzi wake hodari. Alimwita mezani akamuuliza amejuaje kwamba 91 ni tasa.

“Nimeipima, Mwalimu. Si shufwa. Tisa na moja ni kumi, kwa hiyo tatu haimo. Na haiishii na tano wala sifuri.”

“Na hii sehemu, mbona hukuirahisisha?”

“Juu kuna namba tasa, na 104 haigawanyiki kwa 91. Basi haipungui.”

Jibu hili la pili linastahili kusomwa mara mbili. Kama kiasi cha sehemu (namba ya juu) ni namba tasa, na asili (namba ya chini) haigawanyiki kwa namba hiyo, ni kweli kabisa sehemu hiyo haiwezi kurahisishwa zaidi. Huyu mtoto alijenga hoja kamili ya kihisabati, bila kufundishwa, juu ya jambo moja lisilo kweli. 91 ni 7 × 13, na 104 ni 8 × 13, kwa hiyo jibu ni 7/8. Kumpa kosa bila kuiona hoja yake kungekuwa kumwambia kwamba kufikiri hakumsaidii.

Kwa nini 91, na si namba nyingine

Jioni ile tulikaa na mwalimu tukaorodhesha namba zote zilizo chini ya 100 ambazo si tasa lakini zinapenya kanuni za 2, 3 na 5. Ukiiacha 1, ambayo nitaifikia, zipo tatu tu: 49, 77 na 91.

Sababu yake si ngumu. Namba isiyo tasa ambayo haina kigawo 2, 3 wala 5 lazima iwe zao la namba tasa zinazoanzia 7. Ndogo kabisa ni 7 × 7, zinafuata 7 × 11 na 7 × 13. Inayofuata ni 7 × 17, nayo ni 119. Imeshavuka 100. Kati ya hizo tatu, 49 kila mtoto anaikuta kwenye jedwali la kuzidisha, na 77 inajionyesha yenyewe kwa sura. 91 haipo kwenye jedwali linaloishia 12 × 12, wala haina sura ya kutilia shaka.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa limejificha. Mtoto anayetumia kanuni tatu tu atapata namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100, ataongeza moja isiyo halali, na mwalimu atadhani ni uzembe wa bahati mbaya. Kumbe mtoto hajakosea hesabu hata moja. Ameacha kupima mapema, kwa sababu kanuni alizopewa zimeisha.

Uamuzi wa kwanza: kuikariri orodha

Mwalimu aliamua watoto wazikariri zile namba tasa 25. Alikuwa na sababu zake: muda ulikuwa mfupi, maswali mengi ya mitihani ya ngazi hii hayavuki 100, na orodha yenyewe si ndefu. Katika jaribio lililofuata 91 ilitoweka kwenye majibu. Kwa siku chache ilionekana kazi imekwisha.

Nilipendekeza tuwape namba nne zilizovuka mia: 119, 127, 133 na 143. Katika hizo 127 peke yake ndiyo tasa. Majibu yaligawanyika makundi mawili. Waliorudi kwenye kanuni tatu walisema zote nne ni tasa. Walioitegemea orodha walisema hakuna hata moja, kwa kuwa “hazimo”. Neema aliandika kwamba 127 “haijulikani”, na kwangu lilikuwa jibu la kweli kuliko yote darasani siku ile, kwa sababu ndivyo hali yake ilivyokuwa: hakuwa na njia ya kujua.

Kukariri kulifuta dalili. Lakini kulitufaa kwa jambo moja, kwamba kulimwonyesha mwalimu kwamba watoto hawana chombo cha kupimia nje ya orodha.

Uamuzi wa pili: kugawanya kwa kila namba

Mwalimu alirudi kwenye fasili, na hapo alikuwa sahihi. Kama tasa ni namba isiyogawanyika isipokuwa kwa 1 na yenyewe, basi na tujaribu zote. Aliandika 97 ubaoni akawaambia waigawanye kwa 2, kwa 3, kwa 4, waendelee hivyo.

Kipindi kiliisha kabla ya kazi. Wengine walikwama kwenye 13, wengine walifika ishirini na kitu. Dawati moja lilitangaza kwamba 97 inagawanyika kwa 17, kwa sababu walikosea kutoa. 17 × 5 ni 85, na baki ni 12. Hili ni jambo la kuangaliwa: njia ndefu haiwi salama zaidi kwa sababu ni ndefu. Kila mgawanyo unaoongezwa ni nafasi nyingine ya kukosea, na kosa moja likionyesha “hakuna baki” linatosha kuigeuza tasa kuwa si tasa.

Lakini kengele ilipokaribia kulia, mvulana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono.

“Mwalimu, kuanzia kumi majibu yanakuwa madogo kuliko namba ninayogawia. Bado tuendelee?”

Alikuwa ameona kwamba 97 ÷ 9 inatoa 10 na baki 7, ila 97 ÷ 10 inatoa 9 na baki 7, na kuanzia hapo jibu linazidi kushuka. Mwalimu hakuwa na dakika ya kumjibu. Aliliandika swali kwenye kona ya ubao, akaomba lisifutwe.

Uamuzi wa tatu: jozi, kisha pa kuishia

Kipindi kilichofuata kilianzia kwenye ile kona ya ubao. Kila kundi lilipewa vizibo vya soda 36, wavipange katika mistatili kamili, safu zote zikiwa na idadi sawa. Waliandika kila mstatili walioupata: 1 × 36, 2 × 18, 3 × 12, 4 × 9, 6 × 6. Kundi moja likaongeza 9 × 4, likazozana, likakubaliana kwamba ni mstatili uleule umegeuzwa.

Mwalimu alisimama hapo kwa muda mrefu, na alifanya vyema. Vigawo huja viwili viwili. Ukipata 4 ndani ya 36 umeshapata na 9. Kadiri kimoja kinavyokua, mwenzake hupungua, hadi wanakutana kwenye 6 × 6. Ukishavuka hapo, kila jozi utakayoikuta ni ile uliyokwisha kuiona imegeuzwa. Kwa hiyo namba ambayo haikutoa kigawo kabla ya mahali pa kukutana, haina tena cha kutoa baadaye.

Kisha akarudi kwenye 97. 9 × 9 ni 81, 10 × 10 ni 100. Jozi yoyote ya vigawo vya 97 ingelazimika kuwa na mmoja usiozidi 9. Yule mvulana alikuwa sahihi: hakuna haja ya kuendelea kuanzia kumi. Tena hakuna haja ya kujaribu 4, 6, 8 wala 9, kwa sababu namba inayogawanyika kwa 6 ingeshanaswa na 2. Zinabaki 2, 3, 5 na 7. Kazi iliyowashinda kwa kipindi kizima ikawa majaribio manne.

Ilibaki shida ya 7. Mwalimu alikuwa anaijua kanuni yake: chukua tarakimu ya mwisho, iongeze maradufu, itoe kwenye kinachobaki, uone kama unapata kigawe cha 7. Kwa 91 inakuwa 9 kutoa 2, ni 7. Ni kanuni ya kweli, lakini watoto walipoijaribu baadhi waliongeza maradufu tarakimu ya kwanza, wengine walijumlisha badala ya kutoa. Hawakuwa na njia ya kujigundua, maana hawakujua kanuni imetoka wapi.

Akaiacha, akatumia vigawe. Vunja namba katika vipande unavyovijua: 91 ni 70 na 21, vyote ni vigawe vya 7, basi 91 nayo ni kigawe cha 7. 119 ni 70 na 49. 133 ni 70 na 63. 97 ni 70 na 27, na 27 si kigawe cha 7, basi imepona. Njia hiyohiyo inafaa kwa 11: 143 ni 110 na 33. Inafaa kwa 13, kwa 17, kwa yoyote, bila kanuni mpya hata moja. Na kwa mara ya kwanza vigawe vilikuwa na kazi mbele ya watoto hawa. Kabla ya hapo walikuwa wanaviorodhesha kwa sababu swali limesema “orodhesha vigawe vitano vya kwanza”.

Vizibo 91 vilipangwa mbele ya darasa na Neema mwenyewe. Safu saba, kila safu kumi na tatu. Alivihesabu tena alipomaliza.

Mwishoni mwa wiki walifanya chekeche la Eratosthenes kwa namba za 1 hadi 100. Huyu alikuwa mwanazuoni aliyezaliwa Kirene, katika Libya ya leo, na aliyefanya kazi Aleksandria huko Misri katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Wanafunzi walizungushia 2 wakakata vigawe vyake vingine, wakafanya hivyo kwa 3 na 5. Walipofika 7 mwalimu aliwauliza ni namba ngapi mpya zinakatwa. 14, 21, 28, 35 na 42 zilikuwa zimeshakatwa. Mpya zilikuwa 49, 77 na 91 tu. Hakuwa amewatajia hizo tatu kabla; walizitoa wenyewe kwenye karatasi zao.

Ndipo lilipotoka swali la 1: mbona nayo haigawanyiki kwa kingine? Mwalimu hakuwajibu kwa fasili. Aliwaambia waizungushie 1 kisha wakate vigawe vyake vingine vyote. Chati nzima ilikatika. Nilipenda jibu lile, nami nikawaongezea kwamba hata wataalamu wamewahi kulichukulia jambo hili kwa namna tofauti: orodha kubwa ya namba tasa aliyoichapisha Mmarekani Derrick Norman Lehmer mwaka 1914 ilianza na 1. Siku hizi 1 inaachwa nje ili kila namba nzima inayozidi 1 iwe na njia moja tu ya kuandikwa kwa vigawo tasa. 12 ni 2 × 2 × 3. Ukiiruhusu 1, utaandika 1 × 2 × 2 × 3, kisha 1 × 1 × 2 × 2 × 3, usifike mwisho.

Matokeo

Katika jaribio la mwisho wengi wa darasa walizipima sawasawa 119, 127, 133 na 143, wakionyesha kazi. Kwa 127 waliandika kwamba 11 × 11 ni 121 na 12 × 12 ni 144, wakajaribu 2, 3, 5, 7 na 11, wakahitimisha. Neema alipewa 221. Aliona kwamba 15 × 15 ni 225, kwa hiyo ataishia 13, akapima moja moja hadi akaandika: 221 = 130 + 91. Alikuwa anaijua 91 kama kigawe cha 13. Jibu lake lilikuwa 13 × 17.

Kuna yaliyokataa. Baadhi ya watoto walichukua “pa kuishia” kuwa nusu ya namba, hivyo kwa 97 waliendelea hadi 48. Hawakukosea jibu, ila walirudi kwenye kazi ndefu. Kubwa zaidi ni 121 na 169. Wanafunzi wengi, wakiwemo waliofanya vizuri kwingine, waliandika kwamba ni tasa.

Uchambuzi

Nianze na hilo la 121 na 169, kwa sababu chanzo chake tulikikuta kwenye daftari. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni: “Jaribu namba tasa zilizo chini ya kipeuo cha pili.” Kipeuo cha pili cha 169 ni 13 kamili, maana 13 × 13 ni 169. Mtoto anayetii sentensi ile anaishia 11, hakuti kitu, anatangaza tasa. Mtoto ametii, sentensi ndiyo iliyoacha pengo. Ilipaswa kusema “zisizozidi kipeuo cha pili”. Mwalimu aliibadilisha, na nimeona afadhali kuachana kabisa na kipeuo kwa umri huu na kusema: endelea kujaribu hadi namba ambayo ikijizidisha yenyewe inapita namba unayopima. 13 × 13 haijapita 169, basi 13 bado inajaribiwa. Mtoto anaweza kulikagua hilo bila kumuuliza mtu.

Kilichofanya kazi ni kwamba watoto walipewa sababu ya kuishia. Kupima kama namba ni tasa ni kudai kwamba hakuna kigawo kokote, na dai la namna hiyo haliwezi kusimama mpaka mtu aweze kueleza kwa nini hatafuti tena. Kanuni za 2, 3 na 5 hazielezi hilo, na orodha ya kukariri hailielezi pia. Uamuzi wa pili, ingawa ulikula kipindi kizima, ulikuwa wa lazima kwa maoni yangu: bila ule uchovu wa kuigawanya 97, swali la yule mvulana lisingezaliwa, na jozi za vizibo zingekuwa mchezo tu. Ningependekeza ufanywe kwa namba ndogo, 37 au 41, ili watoto wachoke bila kipindi kuisha.

Vizibo vilisaidia hadi hapo jozi zilipoonekana. Kuendelea navyo kwa 119 au 143 kungekuwa kupoteza muda.

Kuhusu kanuni ya 7, sidhani ilikuwa vibaya kuijaribu. Inafaa kwa mtoto anayeweza kuieleza. Kwa darasa kubwa la umri huu, kuvunja namba katika vigawe ni bora, kwa sababu anayekosea anaweza kujirudi mwenyewe: akiona 133 ni 70 na 63, anajua 63 imetoka wapi.

Mwalimu anayetaka kujua kama darasa lake lina tatizo hili hahitaji jaribio refu. Kati ya 100 na 200, namba zisizo tasa zinazopenya kanuni za 2, 3 na 5 ni saba tu: 119, 121, 133, 143, 161, 169 na 187. Chukua tatu kati ya hizo, moja iwe 121 au 169, uzichanganye na tasa za jirani kama 113, 127, 139 na 163, umwombe kila mtoto aandike namba ya mwisho aliyoijaribu na kwa nini aliishia hapo.